MAFUTA YA UBAO NA MAFUTA YA KISU

Vyombo vya jikoni ni vya namna nyingi, walakini viwili havipumziki hata siku moja, navyo ni kisu na ubao wa kukatia. Juu ya ubao hukatwa nyama, samaki, vitunguu, mchicha na mkate, na kila kilichokatwa hapo huingia kinywani mwa watu. Hata nyumba isiyo na ubao ina mwiko, upawa, kinu na mchi, navyo vyote ni vya mti. Basi mambo ya somo hili yavihusu vyombo hivyo pia.

Mti na chuma vina adui mmoja, naye ni maji. Maji huupasua mti, na maji hukitia chuma kutu. Tangu zamani watu wamevilinda vyombo hivi kwa kuvipaka mafuta, na desturi hiyo ni njema. Lakini neno "mafuta" ni pana sana. Mafuta ya nazi ni mafuta, mafuta ya taa ni mafuta, na yale meusi yamwagwayo katika injini ya motokaa nayo ni mafuta. Mtu asiyejua kuyapambanua aweza kuuponya ubao wake na kuwadhuru watoto wake.

Kwa nini mti hupasuka

Mti ulipokuwa hai, ulinyonya maji kutoka ardhini, ukayapandisha hata majanini kwa njia ya mirija midogo sana. Mti ukikatwa na kufanywa ubao, mirija ile haitoweki, hubaki mitupu. Ubao uoshwapo, mirija hunywa maji tena, nao hufura. Ukaukapo, maji hutoka, nao hunywea. Kufura na kunywea huku kukiendelea siku nyingi, ubao hujipinda, na mwisho hupasuka. Sehemu inywayo zaidi ni vichwa vya ubao, yaani ncha zake mbili, kwa kuwa hapo mirija ilikatwa na vinywa vyake vi wazi. Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia huko.

Ufa wa ubao si ubaya wa sura tu. Vipande vidogo vya nyama na damu huingia ndani yake, wala kitambaa hakiwezi kuvifikia. Humo vijidudu vya maradhi ya tumbo hupata chakula, maji na kivuli, navyo huongezeka. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta"; naye asiyeuzuia ufa wa ubao hujenga maradhi. Mafuta hujaza mirija, yakawa kama kizibo, hata maji yasiingie upesi. Lakini mafuta hayaui vijidudu, wala hayashiki mahali pa sabuni. Ubao mchafu uliopakwa mafuta ni ubao mchafu ung'aao.

Kwa nini kisu hushika kutu

Kutu hutokea chuma kikutanapo na maji pamoja na hewa. Chumvi huharakisha jambo hilo, na kwa sababu hii visu vya pwani hushika kutu upesi kuliko vya bara. Maji ya ndimu na ya nyanya nayo hukila chuma.

Visu si vya namna moja. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtu wa Sheffield huko Uingereza, alichanganya chuma na madini yaitwayo kromi, akapata chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi. Visu vingi vya madukani siku hizi ni vya chuma hicho, navyo havihitaji mafuta mengi. Lakini visu ambavyo wahunzi huvifua kwa vipande vya springi za motokaa ni vya chuma kisicho na kinga hiyo. Huweza kupata makali mazuri sana, walakini vikiachwa na maji usiku mmoja tu, asubuhi vina madoa mekundu. Visu hivi ndivyo vihitajivyo mafuta, na mipini yake ya mti huyahitaji vile vile.

Maswali mawili ya kuyapima mafuta

Kabla ya kupaka mafuta yoyote katika chombo cha chakula, imempasa mtu ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, mtu akiyala haya kidogo, yatamdhuru? Maana kisu kinapopita juu ya ubao huchukua mafuta kidogo, na kidogo hicho huliwa. La pili: je, mafuta haya yakikaa majuma mengi hewani, yatachacha? Maana yako mafuta mazuri ya kula ambayo hayafai kukaa juu ya mti.

Mafuta yakishindwa katika swali la kwanza, hayana haja ya kuulizwa la pili. Yatupwe mbali na jikoni.

Mafuta yasiyofaa kamwe

Mafuta ya motokaa, hasa yale yaliyokwisha kutumika, yana vumbi la madini ya injini na vitu viletavyo saratani. Watu huyapaka nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Kwa nguzo hufanya kazi yake, kwa ubao wa nyama ni sumu. Mafuta ya cherehani hayakutengenezwa kwa ajili ya chakula. Mafuta ya maganda ya korosho, ambayo pia hupakwa mbao kwa ajili ya mchwa, huunguza ngozi hata ikatoka malengelenge. Mafuta ya mbono kaburi, mti ule upandwao kuwa ua wa shamba, hutengeneza sabuni na huwaka katika taa, lakini mtu akiyala hutapika na kuhara.

Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, wataka maelezo yake. Mbegu zake zina sumu kali sana, na chache tu zaweza kumwua mtoto. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, bali hubaki katika mashudu. Kwa hiyo mafuta ya mbarika yaliyosafishwa kiwandani huuzwa kuwa dawa ya kuharisha. Lakini yale yaliyokamuliwa nyumbani hayana mtu wa kuthibitisha usafi wake, wala hapana sababu ya kupaka ubao dawa ya kuharisha.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ndogo. Mwaka 1959, katika mji wa Meknès, nchi ya Moroko, watu walianza kuugua miguu. Iliwauma, kisha ikalegea, na wengi hawakuweza kusimama. Mikono nayo ikapoteza nguvu. Waganga walistaajabu, kwa maana waliougua walikuwa wengi mno, nao walikuwa hasa watu maskini. Walipochunguza chakula chao, waligundua ya kuwa mafuta ya kupikia yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya injini za eropleni. Mafuta hayo yalikuwa yameuzwa kwa bei ndogo kama masazo ya kambi ya ndege za Wamarekani, na wafanya biashara wenye tamaa wakayatia katika mafuta ya kula, wapate faida. Watu wapatao 10,000 walipooza. Baadhi yao walipona polepole, na baadhi walibaki viwete.

Watu wa Meknès walidanganywa, hawakuwa na kosa. Lakini mtu achukuaye mafuta ya injini kwa mkono wake mwenyewe akayapaka ubao wa jikoni, huyo hudanganywa na nani?

Mafuta yakaukayo na hatari ya moto

Mafuta ya mimea ni ya makundi matatu. Kundi la kwanza hukauka kabisa yakipata hewa, yakawa ngozi ngumu juu ya mti. La pili hukauka nusu, yakawa na ulimbo. La tatu hayakauki.

Katika kundi la kwanza mashuhuri ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala huyapaka meza na milango. Yakiwa safi, yasiyochanganywa na kitu, hayana sumu, nayo huulinda mti vizuri. Lakini yale yauzwayo katika maduka ya rangi mara nyingi yametiwa madini ya kuyakausha upesi, na madini hayo hayafai kuliwa. Yafaa kwa kiti. Hayafai kwa ubao wa kukatia.

Tena mafuta haya yana hatari nyingine. Yanapokauka hushika oksijeni iliyo katika hewa, na jambo hilo huleta joto. Juu ya ubao joto hilo hutoweka lisionekane. Lakini kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni, joto hukusanyika ndani ya mikunjo, likaongezeka saa kwa saa, hata kitambaa kikawaka chenyewe pasipo kiberiti. Mwaka 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, vitambaa vya namna hii viliachwa katika ghorofa ya 22 ya jumba lenye ghorofa 38. Vikashika moto usiku. Moto uliwaka saa zaidi ya 18, ukateketeza ghorofa baada ya ghorofa, na wazima moto watatu wakafa. Kwa hiyo kitambaa chenye mafuta ya kitani hutandazwa nje kipate upepo mpaka kikauke, au hulowekwa katika ndoo ya maji.

Katika kundi la pili yamo mafuta ya alizeti, ya ufuta, ya pamba na ya soya. Haya ni chakula, wala hayana sumu. Walakini yakipakwa ubao huwa na ulimbo, huokota vumbi, na baada ya muda hutoa harufu mbaya. Hushinda katika swali la kwanza, lakini hushindwa katika la pili. Samli na mafuta ya nyama hushindwa vivyo hivyo, tena upesi zaidi. Mafuta ya karanga, ingawa hukawia kukauka, nayo huchacha. Tena wako watu ambao karanga huwadhuru sana hata wakigusa kidogo, na mgeni hawezi kujua kilichopakwa katika ubao wa mwenyeji wake.

Mafuta yafaayo

Kwa watu wa pwani mafuta yaliyo karibu ni ya nazi. Hayakauki, hayana sumu, nayo hukawia sana kuchacha kuliko mafuta mengine mengi ya mimea. Lakini yawe safi. Anayeyapika nyumbani kutoka katika tui hana budi kuyachemsha mpaka maji yote yaishe, kisha ayachuje kwa kitambaa safi, asibakize mashapo. Maji na mashapo ya tui ndiyo yaozayo na kuleta harufu. Mafuta ya nazi huganda yakipata baridi chini ya digrii 24 hivi. Kwa hiyo katika nchi za milimani chupa huwekwa juani kwanza, mafuta yayeyuke.

Mafuta ya pili yafaayo hupatikana katika duka la dawa. Ni meupe kama maji, hayana harufu wala ladha, na waganga huwapa watu wenye kufunga choo. Asili yake ni mafuta ya ardhini, lakini yamesafishwa mara nyingi hata kila kilicho na madhara kimeondolewa. Hayachachi kamwe, hata yakikaa miaka. Kwa kisu kitakachowekwa muda mrefu hapana mafuta yaliyo bora kuliko haya. Lakini yale mafuta ya kuwapaka watoto, ingawa mengi yana asili hiyo hiyo, yametiwa manukato. Basi yabaki kwa watoto.

Kitu cha tatu ni nta ya nyuki. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya nazi au mafuta meupe ya dawa hufanya marhamu nzuri ya kufunika ubao. Nta huyeyuka ipatapo joto la digrii 62 au 64. Kwa hiyo chombo chenye nta na mafuta huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala hakiwekwi juu ya moto wenyewe, kisije kikashika moto.

Jina moja, vitu viwili

Hapa pana mtego ambao imempasa kila mwanafunzi aujue. Mafuta meupe ya dawa huitwa na wauza dawa kwa jina la parafini ya maji. Lakini watu wengi wa Afrika ya Mashariki wakisema "parafini" maana yao ni mafuta ya taa.

Huu ni mfano. Mama amsikiapo jirani akisifu parafini, humwita mwanawe na kumwambia, "Mwanangu, kaniletee parafini ya kupaka ubao." Mtoto huenda katika duka la karibu, akasema, "Shikamoo, mzee. Mama ataka parafini." Mwenye duka huitika, "Marahaba, mjukuu wangu," akamjazia chupa mafuta ya taa. Katika watu hao watatu hapana aliyesema uwongo, wala hapana aliyefanya uvivu. Lakini sumu imeingia jikoni.

Mafuta ya taa ni mepesi sana. Mtoto akiyanywa, huteleza kwa urahisi yakaingia katika mapafu, na mapafu hudhurika. Watoto wengi wamekufa kwa jambo hilo. Mtu akiona mtoto amekunywa mafuta ya taa, asimtapishe, kwa maana wakati wa kutapika mafuta huingia mapafuni mara ya pili. Ampeleke hospitali mara moja. Tena mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, wala karibu na vyakula.

Basi anayetaka mafuta meupe aseme, "Nataka mafuta ya dawa, yale yanywewayo na mwenye kufunga choo," na aende katika duka la dawa, wala si penginepo.

Namna ya kupaka

Kwanza ubao huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha husimamishwa mahali penye upepo mchana na usiku mzima, ukauke hata ndani. Mafuta yakipakwa juu ya mti wenye maji, maji hufungiwa ndani. Ukiwa na vinyuzi vilivyosimama, husuguliwa kwa msasa. Ndipo mafuta ya vuguvugu hupakwa kwa kitambaa safi, kwa kufuata nyuzi za mti, pande zote mbili, na vichwani zaidi. Huachwa usiku kucha. Asubuhi yaliyosalia juu hufutwa. Ubao mpya hupakwa hivi siku tatu au nne mfululizo, na baadaye mara moja kila mwezi.

Iko njia nyepesi ya kujua kwamba wakati umefika. Tone la maji hudondoshwa juu ya ubao. Likisimama kama ushanga, mafuta yangali yapo. Likinywewa upesi na kuacha doa jeusi, ubao una kiu.

Kisu nacho huoshwa mara baada ya kazi, hufutwa, na hukaushwa kabisa. Tone moja la mafuta latosha upande mmoja na mwingine. Kitambaa huelekezwa kutoka mgongo wa kisu kwenda makali, kisimkate mpakaji. Kabla ya kutumiwa tena kisu hufutwa. Kinoo hakihitaji mafuta ya mashine, maji yatosha.

Nyumba iwezayo iwe na mbao mbili, mmoja wa nyama mbichi na samaki, na mmoja wa mboga, matunda na mkate. Na ubao wenye nyufa za ndani, zisizofikiwa na brashi, umekwisha kazi yake jikoni. Hapana mafuta yawezayo kuurudisha.

Katika somo hili wanafunzi wamesikia majina mengi ya mafuta. Akiyasahau yote, mwanafunzi akumbuke neno moja: ubao hula kila unachopakwa, na mtu hula pamoja na ubao.

MASWALI

1. Kwa nini nyufa nyingi za ubao huanzia vichwani?
2. Taja mambo matatu yanayoharakisha kutu ya kisu.
3. Ni maswali gani mawili ya kuyapima mafuta? Yatumie kwa mafuta ya alizeti, kisha kwa mafuta ya motokaa.
4. Ni nini kilichowapata watu wa Meknès mwaka 1959, na sababu yake ilikuwa nini?
5. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kiwekwe namna gani, na kwa nini?
6. Eleza tofauti ya mafuta ya taa na mafuta meupe ya dawa. Jina gani huwachanganya watu?
7. Mtoto mdogo amekunywa mafuta ya taa. Ni jambo gani lisilofaa kutendwa, na ni lipi lifaalo?

KAZI YA KUFANYA

Tia tone moja la mafuta ya nazi, moja la alizeti na moja la ufuta juu ya kipande cha sahani nyeupe, kila tone mbali na mwenzake. Andika jina la kila moja kando yake. Funika kwa chandarua, inzi na vumbi visiingie, na uweke mahali penye hewa. Kila juma gusa kwa ncha ya kijiti, kisha unuse. Andika katika daftari tone lipi limekuwa na ulimbo kwanza, lipi limetoa harufu, na lipi limebaki kama lilivyokuwa. Baada ya majuma manne soma uliyoandika mbele ya darasa, useme ni mafuta gani ungeyachagua kwa ubao wa nyumbani kwenu, na kwa sababu gani.